Kopo la Berbere

Jumatatu, 8 Desemba

Treni ya saa kumi na mbili na robo tena, kutoka Blacktown. Dirisha lile lile. Mzee wa koti la njano anasinzia mpaka St Marys kama kawaida yake. Saa moja kasoro niko kwa Mama Alem. Nimemwogesha, nimemkanda magoti, nimempima presha. Kisha kahawa. Kazini hawapendi mhudumu akae kunywa kahawa saa nzima na mteja. Kwenye apu naandika "maongezi na mteja." Si uongo.

Mteja. Neno baya hilo. Ana miaka sabini na nane, mjane, mzaliwa wa Lalibela huko Uhabeshi, penye makanisa yaliyochongwa ndani ya mwamba. Kiingereza kinamtoka kidogo kidogo kila mwaka. Kiamhari mimi sikijui. Tunaelewana kwa Kiswahili alichookota Eastleigh, Nairobi, miaka kumi na moja ya ukimbizi akiuza kahawa. Na Kiswahili gani! "Hii kikombe iko chafu." Mtoto wa Tanga nasikia meno yanaingia ganzi. Lakini katika nyumba sita ninazohudumia, ni hii tu ninamoitwa mwanangu.

Leo amenirudia kisa cha Mtakatifu Giyorgis. Mfalme Lalibela alimaliza makanisa yake yote, akamsahau yeye. Giyorgis akaja juu ya farasi, amevimba. Mfalme akaona haya, akamchongea zuri kuliko yote, la umbo la msalaba. Paa lake liko sawa na ardhi, kanisa lenyewe linakwenda chini. Ukiwa mbali hulioni, mpaka ufike ukingoni. Alama za kwato za farasi zipo mpaka leo. Mama Alem alizitia vidole utotoni. Akisimulia, vidole vinatembea juu ya shuka.

Nani alichonga? Mchana watu, usiku malaika. Asubuhi mafundi wanakuta kazi imesonga. Nikasema malaika hao waje St Marys wanisaidie vyombo. Amenipiga kofi la bega.

Jumatano, 10 Desemba

Hakuna barua ya viza. Bado niko kwenye viza ya kusubiri. Nikitoka bila ruhusa, sirudi.

Mama yangu alikufa Machi, asubuhi, akazikwa alasiri siku ile ile. Dada zangu wawili ndio walimwosha. Kaka Bakari akanitumia picha ya kaburi, kidole chake kimeziba pembe. Saa wanamwosha, mimi nilikuwa bafuni kwa mtu, namwosha mama wa mwingine. Nimekwisha liandika. Nilidhani nikiliandika litapungua.

Alhamisi, 11 Desemba

Msimamizi anakuja kesho kukagua nyumba. Vyakula vilivyopitwa na wakati, ukungu, mazulia ya kukwaza watu. Mama Alem alilala mapema baada ya dawa, nami nikalivamia kabati la viungo. Nimetoa takataka mfuko mzima. Nyuma ya chumvi kulikuwa na kopo la zamani la maziwa ya unga, limeandikwa berbere kwa herufi za mkono. Hiyo ni pilipili yao ya kila mchuzi. Imekufa. Rangi imefifia, na nilipoinusa sikupiga hata chafya moja.

Chakula hakitupwi jalalani. Mama alitukataza tangu wadogo: kimwage penye mmea, wadudu nao ni viumbe wa Mungu. Nimeimwaga uani, chini ya tena adam, ule mmea wao ambao jani lake hutiwa kwenye kahawa. Nikamwagilia maji. Kopo nimelisugua mpaka linang'aa.

Nimechoka ila nimeridhika. Kabati linapendeza.

Ijumaa, 12 Desemba

Msimamizi amesifu kabati. Mvua kutwa.

Leo zamu yangu ya kusimulia. Nimempa kisa cha Najashi, kama baba alivyotufundisha kwenye chuo cha Kurani. Waislamu wa kwanza waliteswa Makka, Mtume akawaelekeza Uhabeshi, kwa mfalme Mkristo ambaye kwake hadhulumiwi mtu. Makureshi wakamfuata na zawadi ili awarudishe. Akakataa zawadi, akabaki na wageni. Mama Alem hakuwahi kukisikia. Amenyoosha shingo utadhani alikuwepo barazani. "Umeona? Nyinyi ni wageni yetu tangu zamani."

Nimechuma jani la tena adam, tumekunywa vikombe vitatu. Kwao vikombe ni vitatu na cha tatu kinaitwa baraka. Ukiondoka kabla yake umeondoka mikono mitupu. Mimi sijawahi kukikosa, hata siku za kuchelewa treni.

Jumatatu, 15 Desemba

Siku mbaya.

Ameomba kopo. Kopo gani, Mama? La maziwa, nyuma ya chumvi. Ndipo akanieleza.

Haikuwa pilipili. Ulikuwa udongo. Udongo wa kaburi la mfalme Lalibela, ndani ya kanisa la Golgota. Makasisi huwapa mahujaji kidogo, wanaupaka mgonjwa. Wenyewe wanauita emnet. Mama yake alimfungia kwenye kitambaa siku alipokimbia vita, na hawakuonana tena. Alivuka nao Moyale. Alikaa nao Eastleigh. Kuja huku akaambiwa udongo ni marufuku, unanyang'anywa uwanja wa ndege. Basi akautia kwenye kopo, akanyunyiza berbere kali juu, akaandika jina. Afisa akafungua, akapiga chafya tatu, akamrudishia. Hapo Mama Alem alicheka mpaka akakohoa.

Amemdanganya afisa. Miaka kumi na minne baadaye amenidanganya na mimi.

Anautaka uwekwe kwenye jeneza lake. Lalibela hatarudi, anajua. Kwa hiyo Lalibela imfuate yeye.

Nikamwambia nimelipanga juu, nitalishusha kesho. Uongo umetoka laini kabisa, wala sauti haikutetemeka. Sikujua kama najua kudanganya hivyo.

Jumanne, 16 Desemba

Nimefika mapema, nimekwenda uani kwanza. Nimekwangua chini ya tena adam kwa kijiko. Mbolea nyeusi tupu, ile ya dukani. Mvua ya Ijumaa imemaliza kila kitu. Hakuna hata chembe nyekundu.

Nyumba ya jirani wanachimba msingi. Kuna rundo la udongo mwekundu ukingoni mwa uzio. Nimepitisha mkono.

Sitaki kuandika zaidi. Nimeujaza kwenye kopo robo tatu, nimeupekecha kwa vidole ulainike. Nimeurudisha nyuma ya chumvi.

Ijumaa, 19 Desemba

Kila asubuhi sasa analiomba. Anachovya kidole, anajipaka kipaji cha uso, anasali kwa lugha ya kanisa lao. Mimi nasimama na taulo. Natazama sakafu.

Leo ameuona mkono wangu wa kulia. Umekuwa ukiniuma tangu Novemba, kwa kunyanyua watu. Akanivuta, akanipaka udongo kwenye kifundo, akasali. Astaghfirullah. Udongo wa msingi wa jirani.

Nimejisikia mwizi aliyepewa na mlo juu.

Jumapili, 21 Desemba

Mkono umepona.

Nimeugeuza hivi na hivi. Hauumi. Mungu wangu, hii ni mizaha gani?

Jumanne, 23 Desemba

Hirut, bintiye Mama Alem, amerudi na habari za daktari. Kilango cha moyo kimechakaa. Watambadilishia tarehe 13 Januari. Akiachwa hivi hamalizi mwaka. Akipasuliwa, umri wake nao ni mkubwa, hawaahidi.

Mama Alem amesikiliza kama anaelezwa habari za hali ya hewa. Halafu amemwita Hirut jikoni, akamwonyesha kopo. Hili, ndani ya jeneza, upande wa moyo. Usisahau. Hirut alijibu kwa Kiingereza, kama desturi yake: "Mum, stop. You're not dying." Akaenda garini akalia. Nimemwona dirishani.

Na mimi nimesimama katikati ya jiko na kitambaa cha vyombo. Ni mimi tu katika nyumba hii ninayejua kuna nini kwenye kopo lile.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi ya Wazungu. Barabara nyeupe kwa jua, nyama zinachomwa kila ua. Mama Alem anafunga. Yao inaitwa Genna, ni tarehe 7 Januari, na kabla yake siku arobaini na zaidi hawali nyama wala maziwa. Moshi wa nyama wa majirani unaingia, yeye anakula dengu na kuwasonya.

Ameniambia Genna ya kwao. Mahujaji wanafika kwa miguu, wengine wametembea wiki kadhaa. Makasisi wa mavazi meupe wamejipanga juu ukingoni mwa mwamba, wengine wako chini uani mwa kanisa la Mariamu, wanaimbiana, juu na chini. Ndani ya kanisa hilo ipo nguzo iliyofunikwa kitambaa. Mambo yote yaliyopita na yajayo yameandikwa humo, na hakuna anayeifunua. Nikamuuliza hakutamani kuchungulia? Akasema mtu akijua yajayo atapikaje chakula cha kesho.

Kisha lile handaki. Kati ya makanisa kuna njia ndani ya mwamba, giza totoro, wanaiita jehanamu. Unapita pekupeku, mkono mmoja ukutani. Alikuwa na miaka sita. Alishika ncha ya shuka ya mama yake. Hakuona kitu, hakuogopa, kwa sababu ile shuka ilikuwa inavuta.

Nimekwenda chooni kwake kulia. Nimefungua bomba asisikie. Namtaka mama yangu. Mwanamke mzima wa miaka thelathini na tisa, nimekaa juu ya choo cha watu, namtaka mama yangu.

Jumatatu, 29 Desemba

Nimesema.

Baada ya kikombe cha kwanza. Nilipiga magoti kwa sababu kukaa kitini ilikuwa haiwezekani. Nimemwambia nilidhani ni berbere iliyokufa, udongo wake umekwisha, haupo, na huu anaojipaka ni wa jirani. Nikataka kueleza yote kwa mpangilio wake. Akainua mkono. Nyamaza.

 Akafunika jebena, ile birika ya kahawa, kwa kitambaa. Hakuna cha pili, hakuna cha tatu. Akasema jambo moja tu: "Hii udongo ya jirani, rudisha. Si yetu."

Nimerudisha. Nimepitisha mkono uzioni na kopo, mchana kweupe. Fundi mmoja ameniangalia sana.

Jumatano, 31 Desemba

Hataki nimwogeshe. Amejifunga taulo mwenyewe, akashika kuta mpaka bafuni, akafunga mlango. Nimesimama nje nikisikiliza maji, roho mkononi asije akaanguka. Kwenye apu kuna kisanduku: "mteja amekataa huduma." Nimekibonyeza.

Nilijaribu tena kumweleza. Ameongeza sauti ya televisheni.

Usiku jiji zima linatazama fataki darajani. Mimi nimelala saa tatu.

Ijumaa, 2 Januari

Amekataa tena. Kahawa anajipikia, anakunywa peke yake, mgongo kwangu. Jani anajichumia mwenyewe, anatoka na mkongojo mpaka uani. Sijawahi kuadhibiwa hivi tangu mama aliponinyima salamu siku mbili kwa kuvunja mtungi.

Hirut ananiuliza kuna nini. Nimemwambia. Hakugomba. Amesema nitafute njia, kwa sababu mama yake amegoma kusaini karatasi za hospitali. Hawezi kupasuliwa, anasema, kwa kuwa hana cha kuzikwa nacho.

Basi ni hilo. Si suala la kunisamehe mimi. Nimemwaga udongo wa mtu na sasa moyo wake utasimama kwa ajili ya kabati safi.

Jumatatu, 5 Januari

Nimemuuliza Hirut kama kuna anayeweza kuleta udongo mwingine. Safari za huko ni ngumu sasa, na forodha ya hapa ndiyo ile ile. Haiwezekani kabla ya tarehe 13. Nilikuwa najua. Nimeuliza tu ili nipate la kufanya.

Mama Alem leo ameniruhusu nimpime presha. Amenipa mkono huku anatazama pembeni.

Jumatano, 7 Januari

Genna.

Hirut alikuwa na homa, kwa hiyo Mama Alem nimempeleka mimi kanisani, kwa gari la Hirut. Joto la kupasua mawe. Ukumbi wa matofali, zulia, viatu nje safu kwa safu. Kanisa gani hili, nilijiuliza, kwa mtu aliyelelewa ndani ya mwamba? Lakini walipoanza kuimba, wamesimama safu mbili wakielekeana, ngoma na fimbo, nimemwona Mama Alem amefumba macho. Hakuwa hapa tena. Nilikaa nje kivulini na viatu vyao. Nilikuwa na mtandio wangu mweupe. Bibi mmoja akanipita akanibusu shavuni mara tatu, akanisemesha Kiamhari, akanipa mkate.

Kurudi, ndani ya gari, ndiyo akazungumza. Tulikuwa kwenye taa nyekundu.

"Hii udongo yangu. Ulitupa kwa pipa gani?"

Nikasema sikutupa kwenye pipa, Mama. Kwetu chakula hakitupwi. Niliumwaga uani, chini ya tena adam.

Taa ikawa kijani. Nyuma wakapiga honi. Nikageuka kumwangalia, nikaona mabega yanatikisika, nikadhani ni moyo. Nikasimamisha gari pembeni. Alikuwa anacheka. Anacheka machozi yanamtiririka, anapiga goti kwa kiganja.

Tena adam. Ambayo mizizi yake imenyonya udongo ule tangu tarehe 11. Ambayo jani lake tumelichuma kila siku. "Mwezi mzima mimi niko nakunywa Lalibela na sijui! Na wewe! Na wewe Mwislamu umekunywa mfalme!"

Nimecheka nikalia nikacheka. Magari yakatupita yakipiga honi.

Nyumbani ametengeneza kahawa mwenyewe, na jani. Vikombe vitatu. Cha tatu amenipa kwa mikono miwili.

Alhamisi, 8 Januari

Amesaini.

Tumetoka uani pamoja, yeye na mkongojo, mimi na kijiko na kopo. Ameniamuru nichimbe karibu na shina, nisikate mizizi. Udongo mweusi. Nikamwambia, Mama, si mwekundu huu. Akasema malaika walichonga usiku, hawakuona rangi. Amenusa, amekubali. Ameandika upya kwenye kopo, berbere, kwa kalamu yangu ya kazini. Mazoea.

Kisha akaniuliza kama ninao wa kaburi la mama yangu. Nimemwambia kwetu udongo wa kaburini hauchukuliwi, unaachiwa mwenyewe. Akauliza: Basi wa wapi? Nikasema wa uani, Tanga, pale alipokuwa anafulia nguo chini ya mbalamwezi, kwa sababu mchana alikuwa na kazi nyingine. Pale pamekuwa pagumu kama saruji kwa miaka ya maji ya sabuni.

Akasema nikipata viza niende, nilete konzi moja, tumwage hapa hapa. Tena adam inakunywa tu, haibagui. Nikamwambia forodha watauchukua.

Amenitazama kama mtoto mjinga. "Si useme ni pilipili."

Jumatatu, 12 Januari

Kesho saa moja asubuhi. Hospitali imetoa sabuni maalumu, aoge nayo leo na kesho. Ameniita mwenyewe.

Nimemwosha polepole. Kichwa, mabega, mgongo, upande wa kulia kisha wa kushoto. Sikujua nimefuata mpangilio gani mpaka nilipofika miguuni. Ndivyo tulivyofundishwa kuwaosha mama zetu siku ya mwisho. Ameweka mkono wake juu ya kichwa changu. Maji yalikuwa ya moto kiasi. Nimemkausha katikati ya vidole.

Amenikabidhi kopo. Akitoka salama, lirudi nyuma ya chumvi. Asipotoka, upande wa moyo.

Jumanne, 13 Januari

Leo si zamu yangu. Nimepanda treni ile ile, mzee wa koti la njano amelala. Nimefungua mlango kwa ufunguo wa kazini. Nyumba haina sauti. Nimekaa kwenye kiti changu cha kahawa, kopo mapajani, simu mezani. Nimesali adhuhuri hapo hapo jikoni, nikakosa hesabu ya rakaa, nikaanza upya.

Saa nane na dakika chache Hirut ameandika. Ametoka. Amefumbua macho. Ameuliza kama kuna aliyemwagilia maji uani, maana leo ni jua kali.

Nilikuwa nimekwisha mwagilia. Nimetoka nikamwagilia tena.